Tundu ya Mikro ku Daraja ya Kabingo

Nyinyi wenye munaingia ku radio leo na telefone mbili na diplome moja, direktere wenu mupya aliniomba niwaachie "maneno kidogo ya uzoefu". Nimekubali juu sina kazi ingine. Siku ya kuniaga radio ilinipa saa ya ukuta. Inaonyesha saa nne kasoro, asubui na mangaribi, haijabadilisha mawazo tangu nilifika nayo nyumbani. Bibi yangu aliitundika juu ya mulango. Anasema iko kitu ya kwanza ya radio yenye haibishane naye.

Nilisoma mpaka mwaka ya tano ya primeri, kisha vita njo ilinimalizia shule. Basi musitafute hapa maneno ya kitabu. Musitafute pia nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, ile muulize komite, wao njo wanajua namna walifanya. Miye nitawaambia habari ya meza. Na nitataja watu kwa majina, juu njo kazi yenye nilifanya miaka yote, siwezi kuanza kuwaficha leo.

Siku ya kwanza sikufika ku radio kama musemaji. Nilifika na chukudu, ile baiskeli ya mbao yenye haina pedali, nikisukuma batri. Radio yetu haikukuwa na umeme yake, kila asubui batri ilishuka ku mashini ya kusaga huku Muheto, ikashiba, ikapanda tena. Tulikuwa tumetoka kukimbia mara ya tatu. Kwetu kulibaki mawe ya musingi na muti ya avoka, na mama yangu aliniambia: "Deo, tafuta kazi yenye wezi hawawezi kubeba ku kichwa." Nikachagua kubeba batri. Muone akili.

Nyumba ya radio ilikuwa ya mbao, juu ya kilima. Antene ilisimama juu ya miti tatu ya eukaliptusi zilizofungwa pamoja. Ndani, tulipigilia matela za kulalia za zamani ku ukuta ili sauti isirudi. Matela zilikuwa na kunguni. Mugeni akianza kujikuna shingo katikati ya emisyo, kipindi yetu, siye tulijua ni nini. Wasikilizaji waliambiwa mugeni anafikiri. Mikro yenyewe ilivaa soseti ya mutoto, ya bluu, juu ya kuzuia mate ya wenye hasira. Mu ile kazi karibu wote walikuwa na hasira.

Direktere wa kwanza alikuwa Papa Anatole, mwalimu wa zamani, mufupi, mwenye alivaaka koti ya mvua hata jua ikiwaka. Alisema mvua ya Masisi haipigi hodi. Siku moja muntu wa pikipiki alipita mbio karibu yangu, chukudu ikaanguka, asidi ikamwangika ku suruali yangu ya pekee. Nilimutukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kihunde, nikarudilia kwa Kinyarwanda ili asiseme hakuelewa, na sikugusa mama yake hata mara moja. Papa Anatole alitoa kichwa kwa dirisha.

"Weye," alisema, "acha batri. Ingia."

Alinifundisha vitu viwili. Ya kwanza: mbele ya kutaja jina ya muntu, taja yako. "Mwenye anasema bila jina iko upepo tu," alisema. "Na upepo hatuiwekee mikro." Njo maana miaka yote nilifungua na "Hapa Deo", hata wakati watu walikuwa wananitafuta.

Ya pili ilikuwa imeandikwa ku karatasi na kupigiliwa ku ukuta, juu ya matela: DROIT DE RÉPONSE. Chini yake: "Mwenye atatajwa atajibu. Kiti ile ile, mikro ile ile, dakika kumi na tano." Nilimuuliza juu ya nini kuwapa wezi dakika kumi na tano. Alivuta koti yake.

"Deo, huku kwetu muntu akikasirika iko na panga ao iko na ndugu mwenye bunduki. Lakini muntu mwenye amesema mpaka akachoka anarudi kwake kulala. Ulishaona muntu akiua akiwa amekauka koo?"

Sikukuwa nimeona. Nikakubali.

Papa Anatole alifikiri watu wataogopa kutajwa. Hapo njo alikosa. Kwetu hakuna muntu anapewaka dakika kumi na tano ya kusema bila kukatwa, hata ku matanga ya baba yake. Kumbe radio inazitoa bure, sharti ni moja tu, ushitakiwe. Mwezi haikuisha, watu wakaanza kupanga mustari kwa mulango wakiomba kushitakiwa. Mama mumoja alishitaki bwana yake kuwa anakoroma, ili bwana aje asalimie ndugu zake wenye wanachimba Rubaya. Muzee wa kanisa aliniletea fromaji nzima, ile jibini ya duara, nimutaje kwa kosa yoyote ndogo, juu alikuwa na ng'ombe wawili wa kuuzisha na alitaka watu wajue. Fromaji tulikula. Nilimutaja kuwa anahonga radio. Alikuja, akajibu muzuri sana, na ng'ombe wakaenda.

Mwenye kuchokesha kupita wote alikuwa Honorable Justin. Hakuna siku alichaguliwa. Ile "Honorable" alijipa mwenyewe, kama vile muntu anajinunulia kofia. Alinikamataka mukono inje ya studio.

"Papa Deo, nitaje."

"Umefanya nini?"

"Chagua weye."

"Honorable, siwezi kukutaja bure."

"Sema niliiba."

"Uliiba nini?"

Alifikiri kidogo. "Kitu ya heshima," alisema.

Ile wakati yote tulifanyia kazi juu ya mulango ya zamani iliyolazwa ku kesi mbili, sanduku za chupa za pombe. Ile mulango ilitikisika kama muntu wa malaria. Ukiigonga na kiko ya mukono, wenye walitusikia mpaka upande wa Walikale walifikiri ni volkano. Basi ku mwisho ya musimu moja ya mvua, fundi Simeoni akatuletea zawadi ya sikukuu ya radio: meza na banki yake ya kukalia. Simeoni alikuwa fundi wa mbao, muntu wa korale ya kanisa, mukimya, mwenye hakupenda kukata mbao kama haikulazimu. Ile meza ilikuwa ndefu kupita chumba. Hakuikata. Tuliipitisha kwa dirisha, na mukia yake ikabaki inje, urefu wa mukono muzima. Kuku walilala pale. Wamama wenye kupanda kilima na mizigo waliegesha mifuko pale wakipumua. Miye nilitoboa mbao ya kati na chuma ya moto, tundu ya kupitisha waya ya mikro, nikaweka viko viwili juu. Haikutikisika. Nyinyi hamujui ile raha. Niliipenda ile meza kama muntu anapenda ng'ombe yake.

Mu wiki ile ile, daraja ya Kabingo ikapoteza madrie sita. Madrie, kwa wenye walizaliwa ku lami, ni zile mbao nene zenye kamyo inapita juu. Kabingo si mto mukubwa, lakini iko na hasira, na ngambo yake njo kuko mashamba yetu. Kulibaki miti miwili ya chini na hewa katikati. Wenye nguvu walipita wakitambaa. Mama Riziki, mwenye kulima maharagi, alitambaa na mufuko ku mugongo, akateleza. Mufuko ikaenda na maji. Yeye walimutoa na mukono umevunjika.

Alipanda kilima mpaka kwangu, mukono umefungwa kati ya vipande viwili ya mbao.

"Angalia, Papa Deo," alisema. "Mbao ya Kabingo yenye ilibaki iko huku ku mukono yangu."

Nilimupa pole.

"Pole yako weka. Maharagi yangu imekauka ngambo, na watoto wangu wako huku. Mvua ikikuja mbele ya madrie, itaota ndani ya maganda yake, na siye tutakula emisyo yako. Weye unajisifuka unataja watu. Taja."

Mangaribi ile nilifungua mikro: "Hapa Deo." Nikaapa mbele ya vilima vyote kuwa kila siku ya soko nitataja mwenye aliondoa madrie, na nitaendelea mpaka ya mwisho, hata akiwa mutoto wa mama yangu. Niliapa na viko viwili juu ya meza.

Siku ya soko ya kwanza nilitaja shefu Mateso, juu daraja iko mu mukono yake. Alikuja na kofia yake na fimbo, akakaa ku banki, akaipapasa. "Hii njo kukaa," alisema mbele ya yote. Kisha akajibu.

"Madrie sikuiba. Niliazima. Honorable alikuja kusema na raia, akahitaji tribune. Muntu mukubwa hawezi kusimama mu matope kama kabichi."

"Na raia wanapita wapi?"

"Ile siku raia wote walikuwa ku mkutano. Hakuna mwenye alihitaji kupita."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake muulize mwenye alisimama juu ya madrie. Miye nilisimama chini."

Alimaliza dakika zake akihesabu mababu wake mumoja mumoja. Hatukumukata. Ni sheria.

Siku ya soko ya pili nikataja Honorable Justin. Sijawahi ona muntu akifurahi vile. Alipanda kilima na wapiga ngoma wanne na kravati, akanikumbatia kwa mulango. "Mwishowe," aliniambia ku sikio. Dakika kumi na ine alisema juu ya programu yake: daraja ya chuma, na taa, na kibanda ya polisi wa adabu. Alisimama, akapiga meza yetu na ngumi. "Daraja ya Kabingo itarudi," alisema. "Naapa juu ya hii mbao." Wasikilizaji walisikia ngumi vizuri, juu mbao ilikuwa nene. Mu dakika ya mwisho akakumbuka swali. "Ah, madrie. Kushuka tribune nilimupatia fundi Simeoni arudishe. Honorable habebi mbao."

Mawingu ilikuwa imeanza kukaa ku vilima za upande wa Walikale. Mama Riziki alisimama inje kila siku, akiangalia ile mawingu, kisha akiniangalia miye.

Simeoni ni yeye peke yake mwenye hakutaka kutajwa. Nilimutaja siku ya soko ya tatu, hakuja. Mama Riziki alienda kumuchukua ku atelie yake ya mbao na wamama saba, akamutembeza mbele yake mpaka ku kilima kama mbuzi yenye inaenda soko. Simeoni akakaa ku banki, kofia ku magoti. Mama Riziki akabaki kwa dirisha. Aliegesha mukono yake muzima ku mukia ya meza, akafukuza kuku.

"Hapa Deo," nilisema. "Maître Simeoni, madrie sita ziko wapi?"

"Papa Deo, tuongee inje."

"Non. Mikro iko wazi, soko nzima inasikia."

"Njo maana nasema tuongee inje."

"Ziko wapi?"

"Ziko karibu."

"Karibu na nini?"

Aliniangalia na huruma. Ile huruma sijaisahau.

"Ine umeziegemea," alisema. "Mbili nimezikalia."

Nikaondoa viko ku meza. Sijui juu ya nini, kama vile imeanza kuwaka. Simeoni akaendelea polepole, na sauti yake ya korale. Alikuwa anarudisha madrie ku daraja, mvua ikamukamata, akajificha ku baraza ya radio, akasikia mulango yetu ikitikisika ndani. "Nikawaza: daraja ni ya watu wote, radio ni ya watu wote. Nimetoa ku mufuko ya kushoto, nimeweka ku mufuko ya kuume. Sikukata hata moja, ili wakiihitaji waikute nzima." Kisha akageuka. "Na weye ulinisaidia kuipitisha kwa dirisha, Papa Deo. Uliniuliza: 'Maître, juu ya nini hii meza iko na alama ya pneu ya kamyo?' Nikakujibu ni mapambo. Ukacheka."

Wenye walikuwa ku soko waliniambia kisha kuwa walifikiri batri imekufa. Kuna mwenye alipiga radio yake kofi. Nilifikiria wageni wangu wote. Shefu alijitetea akiwa amekalia ushahidi. Honorable aliapa juu yake na ngumi. Na miye nilikuwa nimeipiga tundu.

Papa Anatole aliingia na koti yake ya mvua. Alionyesha karatasi ku ukuta, kisha akanionyesha miye, kisha akaangalia saa yake ya mukono. Nilikuwa nimetajwa.

Dakika tatu ya kwanza nilisema juu ya hali ya nchi. Nilisema juu ya wakubwa wa Goma na wa Kinshasa, juu ya barabara, juu ya vita na vile ilituharibia adabu. Nilikuwa nasema vizuri. Hapo njo nikajisikia, kama muntu anasikia harufu ya chakula yake ikiungua: nimekuwa Honorable Justin.

"Papa Deo," Mama Riziki alisema kwa dirisha. Hakupandisha sauti. "Ulijua?"

"Hapa Deo," nilisema. "Nilijua. Toka siku ya kwanza. Niliona pneu, niliona matope ya Kabingo mu mashimo ya misumari, nikayapangusa mwenyewe na soseti ya mikro. Nilinyamaza juu meza haikutikisika. Mama Riziki, mukono yako ni miye."

Zilibaki dakika kumi na moja. Sikuzitumia.

Inje mama mumoja akaanza kucheka, juu Mama Riziki alikuwa anaangalia chini ya mukono yake, pale ku mukia ya meza.

"Na miye," alisema, "kila siku nimeweka mufuko yangu hapa, nikipumua, nikilaani mwenye aliiba." Akapiga mbao na kiganja. "Tokeni. Tunabeba."

Papa Anatole hakutaka tufunge mikro. Alisema emisyo haijaisha. Basi wasikilizaji wa ile siku walisikia yote: wamama wakihesabu moja, mbili, sukuma, kuku, shefu Mateso, mwenye alikuwa amefika mbio, akieleza kuwa anasimamia kazi, dirisha ikivunjika, na miye nikiomba wangoje nitoe waya mu tundu. Hawakungoja. Mikro ilitoka inje na meza, ikaburutwa ku majani, ikasema mambo mengi ya wamama yenye siwezi kuandika hapa, mpaka waya ikakatika. Mpaka leo kuna wenye wanasema njo ilikuwa emisyo yetu ya muzuri kupita zote.

Salongo ya ile siku, kazi ya raia wote pamoja, hakuna mwenye alikataa. Simeoni alifungua meza na banki, akapigilia madrie sita pale pale zilitoka, mashimo ya misumari ikakutana na misumari yake. Honorable Justin alifika na utepe ya kukata. Mama Riziki hakungoja mukasi. Alipita ndani ya utepe kama muntu anapita ndani ya utando ya buibui, mukono umefungwa, akaenda ngambo bila kugeuka. Kesho yake tulivuna naye, miye nikibeba, yeye akinionyesha yenye niliruka. Siku ya pili mvua ikanyesha. Maharagi ilikuwa imeshafika ndani, juu ya moshi ya jiko yake.

Siye tulirudi ku mulango na kesi za pombe. Nilifanya kazi pale miaka yote yenye ilibaki, mulango ikitikisika, na kila mara ilitikisika nilipunguza sauti kidogo. Ile radio iliibiwa mara mbili kisha. Walibeba batri, walibeba matela na kunguni zake, Mungu awasaidie. Wale wenye bunduki njo peke yao siwataji hapa. Si woga ya zamani, ni woga ya leo, na muko nayo pia nyinyi. Papa Anatole alifia mu kambi ya wakimbizi, kando ya Goma, mu tente, na koti yake. Yeye nawaambia jina yake mara nyingi makusudi, juu ku ile saa ya kuniaga komite iliandika majina ya komite yote, na yake hapana.

Leo muko na meza ya kioo, yenye ilipanda na kamyo. Ni ya muzuri, inang'aa. Sikuuliza inatoka wapi. Nimestaafu.

Ile tundu yangu haikuzibwa. Iko ku madrie ya tatu ukitoka huku kwetu, imeungua kando kando, unaona maji chini. Wiki yenye ilipita nilikuwa naenda ku shamba na jembe, nikamukuta Mama Riziki katikati ya daraja. Ule mukono haukunyooka tena, anaubeba kama muntu mwenye anashika kuku. Hakunisalimia. Aliinama, akaweka kinywa ku tundu.

"Allo, allo. Papa Deo, uliacha dakika kumi na moja."

"Mama Riziki, acha watu wapite."

"Watu wanangoja. Sheria ni sheria. Kiti haiko, lakini mbao ni ile ile."

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa chukudu mbili za viazi, wamama na mizigo, ng'ombe mumoja, na hakuna mwenye alionyesha haraka. Niliweka jembe chini, nikapiga magoti ku madrie, nikakaribisha kinywa ku tundu.

"Hapa Deo," nilisema.